Nilivyompeleka Mkwe Wangu Kuomba Kaburi

Tangu nirudi mmenipigia simu mmoja mmoja, na kila mmoja nimempa kipande. Mmoja anajua habari za theluji, mwingine habari za mkate, na Jumapili kanisani nikasikia inasemwa kwamba nilikwenda Ireland kuzika. Sikwenda kuzika jamani. Mkwe wangu ni mzima, anatembea na fimbo yake, na anaishi jengo la pili kutoka letu hapa hapa Scarborough, Toronto. Nakaa niandike yote mara moja, msinichoshe tena.

Jina lake sitaliandika. Wanyakyusa wenzangu mnajua kwa nini, na wengine nitawaeleza: kwetu mke wa mtoto hamtaji baba mkwe kwa jina, hali naye meza moja, wala hamtazami usoni. Bibi yangu kule Tukuyu akimwona mkwewe anakuja njiani alikuwa anaingia migombani mpaka mzee apite. Siku hizi wengi wameacha. Mimi nimeacha kuingia migombani kwa sababu Scarborough hakuna migomba, lakini mengine yamenibaki mwilini.

Mkwe wangu alizaliwa Coventry, Uingereza. Wazazi wake wote wawili walitoka Mayo, magharibi ya Ireland, wakaenda Uingereza kutafuta kazi: baba akajenga barabara, mama akafua mashuka ya hospitali. Yeye akaja Toronto angali kijana na akawa fundi bomba mpaka alipostaafu. Kiingereza chake ni cha Coventry, kwa hiyo hapa kila mtu humwita Mwingereza. Yeye husema, "Mimi ni Mwairishi." Mume wangu Paul humjibu, "Baba, hukuwahi kuishi Ireland hata mwezi mmoja." Maneno hayo nimeyasikia kila Krismasi tangu niolewe.

Mwaka huu wa 2012, baada ya kupasuliwa goti, akatuambia anataka kwenda Mayo kuomba azikwe katika kaburi la babu na bibi yake. Kule kaburi moja huwa la ukoo, watu hulazwa mmoja juu ya mwenzake, na la kwao lilikuwa limebakiwa na nafasi moja tu. Mwenye kauli ni binamu yake Nora, bibi mjane aliyebaki kijijini. Mkewe waliachana zamani na yuko Vancouver na mume mwingine, kwa hiyo hapa hakuna aliyekuwa akimsubiri chini ya ardhi. Jambo hilo alitaka kuliomba kwa mdomo wake, si kwa simu.

Paul alikuwa amebanwa na kazi huko Markham. Mimi nilikuwa na likizo. "Utakwenda naye wewe," akasema, kama ananituma maziwa dukani. Ndege nzima, bega kwa bega na mkwe wangu!

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo hata Paul sikumwambia. Miaka kumi na moja ya ndoa yangu, mzee yule alikuwa hajawahi kula chakula changu. Kila Jumapili anakuja, anakaa sebuleni. Zamani Paul ndiye aliyemkaribisha, siku hizi namtuma binti yangu Atupele, mwenye miaka tisa. Atupele anakwenda, anarudi: "He said no." Basi. Mtoto wa Toronto, ukimwambia hapana anajua ni hapana, na baba yake ni vivyo hivyo. Mimi mkwe sina mdomo wa kumbembeleza baba mkwe ale. Nafunika sahani, moyo unaniuma, nasema kimoyomoyo: huyu mzee ananidharau.

Scarborough mpaka uwanja wa ndege

Tuliondoka asubuhi na theluji ikianguka taratibu. Mkwe wangu alikataa teksi, akasema basi halijawahi kumwangusha. Siku hiyo lilimwangusha. Tulisimama kituoni mpaka nyusi zake zikawa nyeupe zaidi ya zilivyo, mimi nikitazama viatu vyangu na yeye akitazama barabara.

Nilipofika kwenye kaunta ya ndege, mkwe wangu alikuwa msalani. Dada wa kaunta akanitazama vizuri tu, akauliza, "Unasafiri na nani?"

"Na baba wa mume wangu."

"Anaitwa nani?"

Nikasukuma pasipoti yake mezani.

"Hapana, niambie wewe. Anaitwa nani?"

Fikirini: mwanamke mwenye pasipoti ya mzee mgonjwa wa goti, na hawezi kumtaja jina. Dada akamwita mkubwa wake. Mkubwa akaniuliza tena, polepole, kama mtu anayezungumza na kiziwi. Nikasema jina ninalijua ila siwezi kulitamka, na hapo ndipo nilipoharibu kabisa. Tayari walikuwa wananisogeza pembeni, mkwe wangu akatokea anachechemea.

"Huyu ni mke wa mwanangu," akawaambia. "Hajawahi kunitaja jina. Nilidhani amelisahau, nikaona aibu kumkumbusha."

Wakacheka, wakatupitisha. Mimi sikucheka. Muda mfupi baadaye wakatangaza kwamba ndege haitaruka mpaka kesho kwa sababu ya theluji.

Malton, siku isiyopangwa

Kurudi Scarborough kwa hali ile ilikuwa kazi, nikampigia Mama Lusajo. Mnamfahamu: mtu wa Kyela, anafanya kazi kwenye ghala la mizigo hapo Malton, karibu na uwanja wa ndege, mdomo wake hauna breki. Akatufungulia mlango akiwa bado na jaketi la kazini.

"Karibuni jamani! Flaiti imekuwa kanseli? Nilijua tu. Mimi mwenyewe natoka shifti saa hii. Mzee, karibu kiti. Chakula kipo."

Nilimnong'oneza: "Usihangaike naye, huwa hali."

"Hali nini? Ana tumbo au hana?"

Akamwekea wali na samaki. Mkwe wangu akainua kiganja, akasema hapana asante, ameshiba. Nikamtazama Mama Lusajo kwa jicho la nilikwambia. Yeye hata hakuniona.

"Umeshiba nini, snow? Kula, mzee."

"Sitaki kukusumbua, mama."

"Umeshanisumbua kwa kukataa. Shika kijiko!"

Akashika. Akala sahani ya kwanza, akala na ya pili, akafuta mchuzi kwa kipande cha mkate. Nilikaa kwenye kochi la Mama Lusajo nimebaki mdomo wazi. Kwangu miaka kumi na moja maji ya bomba, kwa mwanamke aliyemwona leo anafuta sahani! Wivu ulinishika waziwazi, na siku hiyo sikusema na mzee tena.

Angani

Siku ya pili tuliruka. Nilikaa dirishani ili niwe na pa kutazama. Baada ya chai akasema, bila kugeuka, "Naweza kukuuliza kitu?"

"Ndiyo, baba."

"Jina langu. Kwa nini?"

Nikamweleza nikiangalia mawingu. Nikamweleza habari za bibi yangu na migomba, na kwamba kwetu jina la baba mkwe ni zito, halichezewi. Akakikunja kitambaa cha karatasi cha chai yake, kisha akakikunjua.

"Kwa hiyo ni heshima."

"Ni heshima."

"Miaka yote hii nilidhani hunipendi," akasema.

Nilisikia vibaya sana. Hapo ndipo ningemuuliza habari za chakula, maana yeye alikwisha fungua mlango, lakini niligeukia dirisha. Mkwe hamuulizi baba mkwe mambo ya tumbo lake.

Dublin mpaka Mayo

Kutoka Dublin tulipanda basi la kwenda Castlebar, mwendo wa saa nyingi, mvua upande huu na jua upande ule. Mkwe wangu alivaa sweta zito alilofumiwa na mama yake, akawa ananionyesha kila ukuta wa mawe kama yeye ndiye aliyeujenga. Kiti cha mbele yetu alikaa bwana mmoja mwenye kofia, mtu mchangamfu, akageuka.

"Mmetoka mbali?"

"Toronto," mkwe wangu akajibu. "Ila watu wangu ni wa Mayo."

"Na wewe ni wa wapi Uingereza?"

"Coventry. Lakini baba na mama—"

"Nina shemeji yangu Coventry," bwana akasema kwa furaha. "Na wewe, bibie?"

"Mimi pia natoka Toronto."

"Ah, Mkanada! Baridi ya huko ni balaa, eti?"

Akageuka kusoma gazeti lake. Hakuwa na ubaya wowote. Mimi niliyezaliwa Tukuyu nimepewa Kanada bure bila hata kuulizwa swali la pili, na mkwe wangu aliyelelewa na habari za Mayo karudishwa Coventry papo hapo. Niliona ameshusha mikono ya sweta mpaka kwenye vidole.

"Coventry shuleni walinipiga kwa kuwa Mwairishi," akasema. "Nilidhani kwa kipigo kile, angalau jina ningeachiwa."

Nikamenya chungwa, nikaweka nusu kwenye meza yake ndogo. Hakuligusa.

Kwa Nora

Nora alitusubiri mlangoni, mwembamba, aproni kiunoni. Nyumba yake ilinukia moshi wa ule udongo mweusi wanaoukausha na kuuchoma badala ya kuni. Akatutazama, akatuketisha, akasema, "Mtakunywa chai."

"Asante mama," nikasema mara moja, kama nilivyolelewa.

"Hapana, Nora, usijisumbue," akasema mkwe wangu.

"Chai tu."

"Tumekunywa njiani." Uongo mtupu! Hatukuwa tumekunywa hata maji.

"Utoke Kanada, uje ukatae chai katika nyumba ya bibi yako?"

"Haya basi," akasema mkwe wangu. "Kama haikusumbui."

Na akala. Alikula mkate wao wa magadi vipande vitatu, siagi juu, nyama ya nguruwe pembeni, na chai nyeusi kama ya msibani. Nora alimwangalia, kisha akacheka mpaka akashika meza.

"Huyu ni mtoto wa Mary kweli," akaniambia. Mary ni mama wa mkwe wangu. "Mary alikataa kila kitu mara mbili, hata kama hajala tangu jana. Mdomo huu wa Kiingereza ulinitia wasiwasi, lakini hayo hakuyasomea Coventry."

Nikaanza kuzihesabu Jumapili, nikashindwa. Tulipokuwa tunaosha vyombo nikamuuliza Nora, "Mtu akikataa mara ya kwanza, maana yake nini?"

"Maana yake ana adabu. Anayepokea mara ya kwanza ni mlafi." Akanitazama. "Wewe si mlafi, wewe ni mgeni."

"Kwetu ukikataa chakula umemtukana mwenye nyumba."

"Basi mmeishije nyinyi wawili?" akauliza Nora.

Nikamwambia: kwa njaa.

Makaburini

Kesho yake asubuhi Nora alitupeleka makaburini kwa gari lake dogo. Upepo ulikuwa wa kung'oa kofia. Jiwe la ukoo lilikuwa na majina manne, na chini kumebaki nafasi ya jina moja; Nora mwenyewe ana nafasi yake kwa marehemu mumewe, kaburi la ubavuni. Mkwe wangu alivua kofia, akasimama na fimbo yake. Nilijua alikuwa amejiandaa kusema, kwa sababu ndani ya basi nilimsikia akijifunza maneno kwa sauti ya chini. Lakini Nora akamtangulia.

"Hapa nilimwekea mwanangu. Yuko Australia. Ameniandikia kwamba akifa achomwe, majivu yakatupwe baharini hukohuko." Akapangusa jiwe kwa kiganja. "Basi nafasi iko. Ichukue wewe."

Si ndilo lililotutoa Scarborough?

"Hapana, Nora," akasema mkwe wangu. "Kijana anaweza kubadili mawazo. Siwezi."

Nikafumba macho. Hiyo moja, nikasema moyoni. Nora aling'oa majani mawili matatu kwenye jiwe, tukarudi garini.

Jumapili baada ya misa tulikula viazi na kabichi kwake, na mkwe wangu alikataa mara mbili na kula mara ya tatu, sawasawa na taratibu. Nora akaweka uma chini.

"Lile neno la juzi umelifikiria?"

"Ni kubwa mno kwangu. Mimi nimezaliwa Uingereza, Nora. Watu watapita pale watasema, huyu Mwingereza anafanya nini hapa?"

Hiyo mbili. Lakini ya pili hii haikunipendeza. Ya kwanza ilikuwa adabu, niliisikia ni adabu. Ya pili ilikuwa na sauti ya yule bwana wa basi ndani yake. Sikujua tena kama mzee anasubiri kubembelezwa au amekata tamaa kweli, na nadhani hata yeye hakujua. Nora alinyanyuka akaondoa sahani.

Siku iliyofuata hakusema. Iliyofuata tena, hakusema. Wakazungumza habari za mvua, za kondoo, za nani amekufa. Mimi nilikuwa nikimwangalia bibi yule kila anapofungua mdomo, na kila mara ikawa ni sukari au mlango ufungwe.

Kituo cha basi

Siku ya kuondoka Nora alitufikisha kituoni na mkate wa njiani umefungwa kwa taulo. Basi likaja. Dereva akashuka kupakia mabegi. Mkwe wangu akambusu Nora shavuni, akamshukuru kwa yote, akaweka mguu kwenye ngazi ya basi. Hakuna aliyesema lolote la maana.

Ndugu zangu, nilimshika mkono. Baba mkwe wangu! Nikamgeuza, nikamtazama usoni mbele ya watu. Macho yake ni ya kijivu. Miaka kumi na moja sikujua.

"Baba, usipande kwanza." Kisha nikamgeukia Nora. "Mama, amekataa mara mbili tu."

"Najua kuhesabu, mwanangu," akasema Nora, na sauti yake haikuwa ile ya jikoni. "Ila naogopa. Mwanangu amenikatalia. Huyu naye akikataa ya tatu, limekwisha, nitalala pale na wafu watupu, hakuna wa kunifuata. Bora niache mbili zibaki mbili."

Kumbe na yeye! Siku zote zile nilidhani mwombaji ni mmoja.

"Muulize," nikasema.

Nora alinikabidhi mkate. Akapangusa mikono kwenye koti lake ingawa haikuwa na kitu.

"Utakuja ulale na watu wako?"

Mkwe wangu alitazama fimbo yake. Abiria walikuwa wanatuchungulia madirishani, na yule dereva amesimama na begi letu mkononi.

"Kama haitakusumbua, Nora," akasema.

Nora alimpiga kifuani kwa kiganja, kofi dogo, kisha akamkumbatia, wakalia wote wawili bila kujificha. Mimi nikalia na mkate wangu.

"Samahani jamani," dereva akasema taratibu. "Huyu bwana wa Uingereza anapanda au hapandi?"

"Anapanda," Nora akamjibu. "Lakini atarudi."

Nyumbani

Tumerudi bila matatizo, ndege kwa wakati, theluji imeyeyuka nusu. Paul alipokea habari, akauliza, "Kwa hiyo na mimi ni nani?" Nikamwambia akale kwanza.

Jumapili hii iliyopita nilipika ndizi na nyama. Mkwe wangu akaja kama kawaida, akakaa sebuleni. Nikamtuma Atupele.

"He said no," akarudi.

"Nenda tena."

"But he said no, Mom."

"Nenda."

Akaenda, akarudi na uso wa kuonewa. "Still no. That's rude, asking again." Eti kumuuliza mtu tena ni kukosa adabu.

Nikavua aproni. Nikaenda mwenyewe, nikasimama mbele yake, si pembeni ya mlango kama siku zote. "Baba, chakula kiko mezani."

"Kama haikusumbui," akasema, akaanza kutafuta fimbo.

Tulikaa meza moja, wote wanne. Bibi yangu anisamehe huko aliko. Alikula polepole, akamaliza ndizi, akamaliza nyama, akapangusa mchuzi. Paul alikuwa amesimamisha uma hewani akimwangalia baba yake kama mgeni. Nikamuuliza mzee kama nimwongeze. Akasema hapana, ameshiba kabisa.

Nikashika upawa, nikamuuliza tena.